Maji ya bati letu: historia ya tiyo inayosuuza gutiere, kutoka Amsterdam hadi Goma

Goma. Kila mvua za mwezi wa tisa zinapoanza, swali moja hurudi kwenye vipindi vyetu. Mtu akiosha nyumba yake kwa nje, kuta na bati, uchafu unaotoka juu unaenda wapi? Jibu ni rahisi kutamka, lakini ni zito. Uchafu huo unaingia kwenye gutiere, na gutiere inaumwaga ndani ya pipa ambalo watoto watanywa kesho asubuhi.

Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya chombo kidogo ambacho wengi hawakijui kwa jina, yaani tiyo ya kusuuza gutiere. Tutaona kilitoka wapi, kilipita wapi mpaka kutufikia, na kwa nini katika mji wetu wa mawe ya volkano kazi yake ni kubwa kuliko huko kilikobuniwa. Safari yake inapita Amsterdam na Paris, na inapita pia ndani ya msitu wa Kongo, mahali ambapo babu zetu walilipa bei ambayo haijasahaulika.

Chombo chenyewe

Mafundi wanaoosha nyumba huko Ulaya na Marekani hutumia fimbo nyepesi, ndefu kuliko mtu, iliyo na tundu ndani kama tiyo. Mwisho wake wa juu umepinda kama mpini wa mwavuli. Chini wanaufunga mpira wa maji unaotoka kwenye robine. Fundi anasimama chini, anainua fimbo, anatundika ile shingo iliyopinda juu ya ukingo wa gutiere, kisha anafungua maji. Maji yanasukuma majani, mchanga na tope kuelekea kwenye tundu la kushukia.

Faida ya kwanza ni kwamba hakuna haja ya kupanda ngazi. Kila fundi wa bati anajua kwamba ngazi inavunja watu kiuno na shingo. Faida ya pili inahusu dawa. Wanaoosha kuta hutumia sabuni na mara nyingi javeli, ili kuua ukungu na ule ujani unaoota ukutani. Dawa inayorushwa juu inabaki ndani ya gutiere, inakula chuma, na inaposhuka inaunguza maua na mboga. Kwa hiyo fundi mzuri anasuuza gutiere kwa maji mengi kabla ya kazi na baada ya kazi.

Hiyo javeli nayo ina historia yake. Jina lake ni la kitongoji cha Javel, ambacho leo ni sehemu ya mji wa Paris. Hapo ndipo, katika miaka ya 1780, kiwanda kilianza kutengeneza maji ya kung'arisha nguo kutokana na utafiti wa mwanakemia Mfaransa Claude Louis Berthollet. Baadaye watu waligundua kwamba maji hayo yanaua pia vijidudu. Sisi wa Kivu tunayafahamu zaidi kwa sababu ya kipindupindu.

Mpira wa maji ulianza kwa ngozi

Tiyo yenye shingo haina maana bila mpira wa kuleta maji. Mpira huo ulizaliwa kwa sababu ya moto. Katika miaka ya 1670 mjini Amsterdam aliishi mchoraji mmoja aitwaye Jan van der Heyden. Mji wake ulikuwa na nyumba zilizobanana, na moto ulikuwa ukizila mtaa baada ya mtaa. Wazima moto walikuwa wakipitishiana ndoo mkono kwa mkono. Van der Heyden na ndugu yake Nicolaes walishona ngozi ikawa bomba refu linalopinda, wakaliunganisha na pampu. Kwa mara ya kwanza maji yaliweza kuzunguka kona na kupanda ghorofani, hadi pale moto ulipo.

Ngozi ilikuwa na matatizo yake. Ilikuwa nzito, ilivuja kwenye mshono, na ilipokauka ilipasuka. Ilibidi kuipaka mafuta mara kwa mara. Watu walijaribu kutumia utomvu wa miti ya mpira, lakini kwenye joto uliyeyuka ukawa kama gundi, na kwenye baridi ulivunjika. Mwaka 1844 Mmarekani Charles Goodyear alipata haki rasmi ya uvumbuzi wake wa kupika utomvu huo pamoja na kiberiti. Ukipikwa hivyo, unabaki laini bila kuyeyuka wala kuvunjika. Kuanzia hapo mpira uliingia kila mahali: mikanda ya mashine, nyaya za umeme, viatu na mabomba ya maji.

Hapo ndipo msitu wetu unaingia katika historia

Mwaka 1885 mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitambuliwa kuwa mwenye Dola Huru la Kongo. Halikuwa koloni la Ubelgiji. Lilikuwa mali yake mwenyewe. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la kujaza hewa kwa ajili ya baiskeli. Viwanda vya Ulaya na Marekani vikawa na njaa ya mpira, na msitu wa Kongo ulikuwa umejaa mimea inayotambaa yenye utomvu huo.

Yaliyofuata mnayajua, lakini vijana wanapaswa kuyasikia tena. Vijiji viliwekewa kipimo cha mpira wa kuleta. Walioshindwa walipigwa viboko vya ngozi ya kiboko, wake zao wakafungwa kama rehani, na wengine wakauawa au kukatwa mikono. Mwaka 1904 mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala, ameketi akiangalia mkono na mguu wa binti yake mdogo. Mwaka huohuo konseli wa Uingereza Roger Casement alitoa ripoti yake juu ya mateso hayo. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo iwe chini ya serikali ya Ubelgiji.

Hakuna anayeweza kuonyesha bomba fulani la maji na kusema kwamba hili lilitoka kwenye damu ya kijiji fulani. Lakini mpira uliotoka katika mito yetu uliingia katika viwanda hivyohivyo vilivyotengeneza matairi, mikanda na mabomba. Mtu wa Ulaya aliyemwagilia bustani yake mwaka 1900 alishika mkononi kitu ambacho wazee wetu walikijua kwa upande mwingine kabisa.

Baadaye mashamba ya mpira ya Asia yalichukua soko. Na mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon alipata njia ya kulainisha plastiki inayoitwa PVC. Mpira mwingi wa maji unaouzwa leo Virunga au Birere, ule wa kijani au wa bluu, ni plastiki ya namna hiyo. Matiyo mengi magumu ya kijivu yanayoshusha maji kutoka kwenye bati nayo ni PVC. Tunaendelea kuuita mpira, ingawa hauna tena tone la utomvu wa mti.

Kutoka nyasi hadi manjanja

Gutiere nayo inahitaji paa linaloitaka. Nyumba za nyasi za wazee wetu hazikuwa na gutiere. Maji yanayotoka kwenye nyasi yana rangi ya chai na harufu ya moshi. Mtu aliyetaka kukinga mvua alipasua shina la mgomba katikati, akaliegemeza chini ya ukingo, na maji yakatiririka hadi kwenye chungu. Likioza analitupa na kupasua lingine. Hiyo ilikuwa gutiere isiyohitaji kusuuzwa.

Bati la mikunjo lilibuniwa London. Mhandisi Henry Robinson Palmer alipata haki ya uvumbuzi huo mwaka 1829. Aligundua kwamba karatasi nyembamba ya chuma ikikunjwa mawimbi inakuwa imara bila kuongezwa uzito. Tatizo lake lilikuwa kutu. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alisajili njia ya kuvisha chuma ngozi ya zinki, na bati likaweza kukaa mvuani miaka mingi.

Kitu chepesi kinachopangwa kwa furushi na kubebwa kilikuwa sawasawa na matakwa ya wakoloni. Kule Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo, bado lipo kanisa la chuma lililotengenezwa Ubelgiji na kuletwa kwa vipande mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye bati lilipanda mito na milima, likafika misheni, vituo vya serikali na mashamba ya kahawa na chai ya Kivu. Leo tunaliita manjanja, na hata nyumba ya mbao ya mtu maskini kabisa hapa Goma inatamani kuwa na manjanja.

Goma, mji usio na mto

Sasa tufike nyumbani. Goma imekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, na mawe hayo yana matundu. Mvua ikinyesha, maji yanazama. Hakuna mto unaopita katikati ya mji, na kuchimba kisima ndani ya lava ni kazi ya kuvunja vyuma. Maji ya REGIDESO, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 1939, yanapampwa kutoka ziwa Kivu na kusukumwa kuelekea juu. Umeme ukikatika, maji yanakatika. Ndiyo maana tunaona chukudu zimebeba bidoni za njano alfajiri na mapema.

Katika mji kama huu bati ni kisima, na mvua inayotushukia inazidi milimita 1,000 kwa mwaka. Lakini kila mara historia yetu imetufundisha bei ya maji machafu.

Mwezi wa saba 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka katika siku chache. Vyoo havikuwepo, maji safi hayakuwepo, na mawe hayakukubali kuchimbwa. Kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 ndani ya mwezi mmoja. Waliokuwa watoto wakati huo wanakumbuka miili iliyoviringishwa kwenye mikeka kandokando ya barabara.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilikata mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Wengi walijenga tena palepale, mbao na manjanja juu ya lava mpya, na maji ya mvua yakawa tegemeo.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ikatoka tena, jioni ya Jumamosi. Safari hii lava ilisimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege, lakini mabomba na tanki kubwa la maji viliharibika. Mashirika ya msaada yalihesabu karibu watu nusu milioni waliokosa maji. Siku chache baadaye mji ukaamriwa kuhama, na barabara ya Sake ikajaa watu wenye magodoro kichwani.

Na kuanzia 2022, vita katika Rutshuru na Masisi vikaleta familia nyingine kwa mamia ya maelfu: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Mwanzoni mwa 2025 kambi hizo zikabomolewa. Wengine walirudi vijijini, wengine wakabaki kwa jamaa, makanisani na mashuleni. Kote huko swali la asubuhi ni lilelile: maji yako wapi?

Kile kinachoanguka pamoja na mvua

Ulaya gutiere inaziba kwa majani ya miti. Hapa kwetu kuna zaidi. Nyiragongo na Nyamulagira hutoa moshi, majivu na zile nyuzi nyembamba za kioo zinazong'aa kama nywele, ambazo huanguka juu ya bati. Upepo mara nyingi unaupeleka moshi upande wa magharibi, kuelekea Rusayo na Sake. Mvua inayopita ndani ya moshi huo inabeba tindikali na floridi.

Floridi kidogo inalinda meno. Ikizidi inayaharibu, yanakuwa na madoa ya kahawia, na baada ya miaka mingi inaweza kuumiza mifupa. Shirika la Afya Duniani, OMS, limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Wataalamu waliopima maji katika eneo la Virunga wamekuta mahali ambapo kikomo hicho kinapitwa, na wazazi wa vijiji vya huko wanayajua meno hayo ya kahawia. Msikilizaji, shika jambo hili: kuchemsha maji hakuondoi floridi, na dawa ya klorini haiiondoi. Klorini inaua vijidudu tu, kama vile vya kipindupindu. Kwa hiyo pale moshi unapoanguka, maji ya bati yawe ya kufua na kuosha, na maji ya kunywa yatafutwe kwingine kila inapowezekana.

Majivu yenyewe yana tabia yake. Yakiwa makavu ni mepesi, yakilowa yanakuwa mazito kama saruji. Mtu akiyamwagia maji mara moja, yanaganda ndani ya gutiere, na uzito unaweza kuing'oa. Ni lazima kwanza kuyafagia, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa, ndipo kusuuza.

Kusuuza bila robine

Ile tiyo yenye shingo inahitaji maji yenye nguvu. Ili maji yapande mita 3 hadi kwenye gutiere, chanzo chake lazima kiwe juu zaidi ya hapo, au kisukumwe na pampu. Bidoni iliyo juu ya meza haiwezi. Ndiyo sababu chombo hiki hakikuenea katika mitaa yetu, na mafundi wetu wakatafuta njia nyingine. Wanafunga kitambaa au ufagio mgumu kwenye mwanzi mrefu na kusukuma uchafu. Wenye tanki juu ya mnara wanapinda kipande cha tiyo ya PVC juu ya makaa, wanakiunganisha na mpira, na tayari ni chombo kilekile cha Ulaya. Wengine wanatumia pampu ya mgongoni, ile ya kupulizia mashamba, ambayo Mfaransa Victor Vermorel aliifanya ijulikane tangu mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya mizabibu. Hapa naomba tuwe wakali: pampu iliyowahi kubeba dawa ya wadudu isiguse kamwe gutiere ya maji ya kunywa, hata ikioshwa mara kumi.

Kwa yeyote anayeosha nyumba yake au kungojea mvua, utaratibu ni huu. Ondoa kwanza tiyo inayoingia kwenye pipa, na ufunike pipa. Fagia bati na gutiere. Osha kuta na bati. Kama umetumia sabuni au javeli, suuza gutiere kuanzia mwisho wa mbali kuelekea kwenye tundu, mpaka maji yanayotoka yasiwe na povu wala harufu. Kisha acha mvua ya kwanza ipite bure kabla ya kurudisha tiyo.

Mvua ya kwanza ni kiasi gani? Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mita 5 kwa 6 ina mita za mraba 30. Ukiacha milimita 1 ipotee, umemwaga lita 30, yaani bidoni moja na nusu, na maji hayo yanafaa kudekia. Mvua ya milimita 10 juu ya bati hilohilo ni lita 300. Hata tukitoa sehemu moja ya tano kwa yanayoruka na kuvuja, zinabaki lita 240, yaani bidoni 12. Mashirika ya msaada huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 6 inapata siku mbili na zaidi kutoka kwa mvua moja.

Nani anasuuza, nani anakunywa

Linabaki jambo moja ambalo halihusu fundi. Katika nyumba nyingi za Goma leo, chini ya bati moja wanaishi mwenye nyumba, mpangaji, na familia iliyokimbia vita. Mashuleni na makanisani bati ni la wote, kwa hiyo gutiere inakuwa ya hakuna mtu. Mvua ikija kila mama anaweka bidoni yake, lakini siku ya jua hakuna anayekumbuka ufagio. Tumesikia pia ugomvi kati ya mwenye bati na mgeni wake juu ya zamu ya pipa.

Wazee waliopasua mgomba walikuwa na desturi nzuri: aliyekinga maji ndiye aliyeondoa shina lililooza. Tunaweza kuirudisha desturi hiyo kwa lugha ya leo. Wanaokinga maji chini ya bati moja wapange siku moja kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua, na siku yoyote baada ya majivu kuanguka. Mmoja alete mwanzi, mwingine kitambaa, mwingine bidoni mbili za maji. Zamu ya kusuuza iende pamoja na zamu ya kuchota, mgeni na mwenyeji sawasawa.

Kazi hiyo ni ya nusu saa. Tukumbuke mwaka 1994, tukumbuke meno ya watoto wa Rusayo, halafu tuangalie juu kabla mawingu ya leo mchana hayajafika. Anayeishi shuleni au kanisani na hajui nani anashughulikia gutiere ya hapo, aulize leo kwa mkuu wa mahali hapo. Na pale ambapo jamaa wameshapanga zamu, tuandikieni mnavyofanya, tutayasoma kwenye kipindi ili mitaa mingine ijifunze.